Steringi Mwenye Bisibisi: Shujaa Mbunifu na Skrini za Kigoma

Shujaa wa runinga anayeshinda kwa kuunda vitu, kijana anayetengeneza roboti, mabawa au vazi la chuma kwa vipuri alivyookota, ni mgeni wa karibuni katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kabla yake, skrini za Kigoma zilitawaliwa na mashujaa wa aina nyingine: mkulima mtiifu wa filamu za serikali ya kikoloni, kisha bingwa wa karate na komandoo wa mikanda ya video. Kila mmoja aliletwa na mitambo ya zama zake. Kijiji cha Kidahwe, kwa mfano, kipo kwenye njiapanda ya barabara za Kigoma, Uvinza na Kasulu, nje ya mji wa Kigoma, na katika vijiji vya namna hiyo mitambo ndiyo iliyoamua nani aonekane na lini.

Historia ya sinema iliyotengenezwa nchini kwa ajili ya wananchi wa kawaida huanzia Vugiri, katika milima ya Usambara, mwaka 1935. Huko Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha jaribio la filamu za elimu kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Kufikia 1937 walikuwa wametoa filamu zipatazo 35. Maelezo yake yalirekodiwa kwenye santuri zilizopigwa sambamba na picha, na lori lenye projekta na jenereta lilizungushwa Tanganyika na makoloni ya jirani. Shujaa wa filamu hizo alikuwa msikivu. Katika moja, mtu mmoja anazika fedha zake ardhini na zinaibiwa, mwenzake anaziweka akiba posta na anafanikiwa. Hakuna aliyebuni chochote. Maarifa yote yalitoka kwa bwana shamba, mganga wa serikali au karani, na kazi ya Mwafrika ilikuwa kuyapokea. Magari ya sinema yaliendelea kuzunguka vijijini baada ya uhuru, na mwaka 1968 ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, lakini mwenendo wa mwalimu na mwanafunzi ulibaki karibu uleule.

Ajabu ni kwamba hadithi ya sinema iliyolitangaza Ziwa Tanganyika duniani ilikuwa tayari na fundi kama shujaa wake. Meli ya Wajerumani Graf von Götzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikavunjwa na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli iliyofika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Iliunganishwa upya Kigoma, ikashushwa majini 1915, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha Julai 1916 walipokuwa wakirudi nyuma. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Vita hivyo vya ziwani, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, vilimpa C. S. Forester wazo la riwaya yake ya 1935, The African Queen, ambayo John Huston aliitengenezea filamu mwaka 1951. Mle ndani Humphrey Bogart ni fundi wa mashua chakavu anayegeuza mitungi ya gesi kuwa mabomu ya kuzamishia meli. Filamu yenyewe ilipigwa Uganda na Kongo, si Kigoma, na ubunifu wote umepewa Wazungu wawili walio ndani ya mashua. Mafundi na vibarua walioiunganisha meli halisi, bamba kwa bamba na ribiti kwa ribiti, hawakupata hata mstari mmoja.

Televisheni ilichelewa sana Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa na kituo chake cha rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ila upande wa Bara serikali iliihesabu televisheni kuwa anasa, na vituo vya kwanza, vyote vya binafsi na vya Dar es Salaam, havikuanza hadi 1994. Pengo hilo lilizibwa na deki za video. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mikanda ya video ikaanza kusambaa, na nayo ikazaliwa biashara iliyowalea watazamaji wa Kigoma kwa miongo miwili na zaidi: kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa video wa kulipia.

Kibanda kilihitaji vitu vichache. Kuta za matofali ya tope au mabati, mabenchi ya mbao, magunia au khanga nzito madirishani ili mwanga usiingie, televisheni moja iliyowekwa juu kiasi cha kuonwa na wa benchi la mwisho, na deki chini yake. Nje ilinguruma jenereta ndogo, mbali kidogo ili isishindane na spika. Ubao wa chaki mlangoni ulitaja filamu na saa. Umeme wa TANESCO mjini Kigoma wenyewe ulitoka kwenye mitambo ya dizeli, kwa kuwa mkoa haukuwa umeunganishwa na gridi ya taifa. Vijijini hata huo haukufika. Kwa hiyo mwenye kibanda alilazimika kuwa fundi. Picha ikianza kuchuja au kujaa mistari, alifungua kifuniko cha deki na kusafisha hedi kwa pamba na spiriti. Mkanda ukinasa, aliuchomoa polepole kwa kidole, akaukata sehemu iliyoharibika na kuuunga kwa utepe wa gundi. Watazamaji walisubiri, maana kiingilio kilikuwa kimeshalipwa. Watoto wengi waliona bisibisi ikiokoa filamu kabla hawajaona filamu yenye shujaa wa bisibisi.

Aliyekuwa kwenye skrini alikuwa Bruce Lee, Rambo au Schwarzenegger. Steringi, yaani shujaa mkuu, wa kibanda umiza alitambulika kwa misuli, na sheria ilijulikana na kila mtoto: steringi hafi. Akili ilikuwa ya adui. Mtu wa maabara, mwenye mitambo na vitufe, mara nyingi ndiye aliyetaka kuiangamiza dunia, na ngumi za steringi zilikuja kumkomesha.

Lugha ilileta mtu wa kati. Filamu zilikuwa za Kiingereza, Kihindi au Kichina, na watazamaji wengi walihitaji kuelezwa. Dar es Salaam ilimtoa Derek Gaspar Mukandala, anayejulikana zaidi kama Lufufu, aliyerekodi sauti yake ya Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, akifafanua, akitania na kuwapa wahusika tabia ambazo waandishi wao hawakuziwaza. Kenya ilimpata DJ Afro, na Uganda ikawa na kundi zima la watafsiri wa vibandani. Haikuwa tafsiri kwa maana ya kamusi. Mtafsiri mzuri alikuwa msimulizi, na filamu dhaifu iliweza kuuzwa kwa jina lake. Mkoani Kigoma, shirika la FilmAid nalo lilionyesha filamu kwenye kambi za wakimbizi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa watu waliotoka Burundi na Kongo, ambao wengi wao walikielewa Kiswahili zaidi ya Kiingereza.

Uhusiano wa kibanda na ufundi haukuwa wa Tanzania tu. Huko Wakaliga, kitongoji cha Kampala, Isaac Nabwana na wenzake walitengeneza filamu Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, wakitumia silaha za bandia zilizochomelewa kwa vyuma chakavu na kompyuta zilizokusanywa kipande kwa kipande. Sauti ya mtafsiri, VJ Emmie, imo ndani ya filamu hiyo kama mhusika mwingine. Mwaka 2018 filamu ya Kenya Supa Modo ya Likarion Wainaina ilimweka mtafsiri wa kibanda ndani ya hadithi yenyewe: msichana mgonjwa anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu, na kijiji kizima kinachopanga vituko ili aamini nguvu hizo anazo.

Mabadiliko ya shujaa yalianzia kwenye katuni. Mwaka 2010 ilitoka Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam aliyefariki 1972. Wanyama wake walikuwa wa ngano za kale. Miaka minne baadaye, Januari 2014, TBC1 ilianza kurusha Ubongo Kids, kazi ya kampuni ya Ubongo ya Dar es Salaam. Hapa watoto kama Kibena na Koba wanakutana na tatizo na kulitatua kwa hesabu na sayansi, na mtazamaji aliweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida. Hawaruki angani. Lakini kwa mara ya kwanza, mtoto wa Kitanzania anayefikiri ndiye aliyekuwa steringi, na alizungumza Kiswahili tangu neno la kwanza, bila mtafsiri.

Ubongo ilinufaika na wakati. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ving'amuzi vikaenea mikoani, na tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili zikawa jambo la kawaida. Ile ya China kuhusu Doudou na mama wakwe zake ilirushwa na TBC mwaka 2011, na Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Biashara aliyoianzisha Lufufu na wenzake ikawa sasa na studio na mikataba.

Shujaa na mbunifu waliunganishwa kikamilifu tarehe 8 Machi 2021, ilipozinduliwa Super Sema kwenye YouTube. Iliundwa na kampuni ya Kukua, yenye makao Nairobi na iliyoanzishwa na Lucrezia Bisignani. Lupita Nyong'o ni mmoja wa wazalishaji wakuu na ndiye sauti ya Mama Dunia. Claudia Lloyd, aliyekuwa nyuma ya Tinga Tinga Tales, alisimamia ubunifu wake. Sema ni msichana mdogo katika mji wa Dunia, ana pacha wake MB, na adui yao ni Tobor, mtawala asiye na moyo, mwenye akili bandia na jeshi la roboti zisizo makini. Nguvu za Sema ni sayansi na ubunifu. Desturi ya kibandani ya kumpa adui akili imepinduliwa: mashine zisizo na huruma bado ziko upande wa adui, lakini karakana imehamia kwa watoto. Kasoro yake kwa mtazamaji wa Kidahwe iko wazi. Majina kama Sema na Dunia ni ya Kiswahili, ila mazungumzo yalitungwa kwa Kiingereza, na kwa upande huo Ubongo Kids imeitangulia.

Baada ya hapo mfululizo ulikuwa wa haraka. Netflix ilitoa Supa Team 4 ya Malenga Mulendema Julai 2023, ikiwa na wasichana wanne wa Lusaka. Disney ilitoa Iwájú Februari 2024 pamoja na kampuni ya Kugali, ambayo mmoja wa waanzilishi wake, Hamid Ibrahim, ni Mganda. Mvulana Kole wa Lagos ndani yake ni fundi wa kujifunza mwenyewe. Juni 2025 ikaja Ironheart ya Marvel, yenye sehemu sita, kuhusu Riri Williams, mwanafunzi kutoka Chicago anayejiundia vazi la chuma. Mhusika huyo alizaliwa kwenye vitabu vya katuni mwaka 2016. Ilipotoka, Disney+ ilikuwa haijafunguliwa Tanzania, hivyo waliotaka kuiona walirudi kwenye njia ya zamani ya nakala zinazopita mkono kwa mkono.

Umeme wa gridi ulianza kuingia mkoani Kigoma mwaka 2022 kupitia Nyakanazi, na laini ya kilovolti 400 ya urefu wa kilomita 280 kutoka huko ilipangiwa kuishia kwenye kituo cha kupozea umeme Kidahwe. Sola na simu zilikuwa zimetangulia. Vibanda umiza vilivyobaki vinaishi zaidi kwa mechi za Simba na Yanga na ligi ya Uingereza. Filamu na katuni zimehamia kwenye memori kadi zinazojazwa dukani na kwenye bando la siku, ambalo mtoto hulipata mzazi akishamaliza kulitumia.