Darubini za Kulengea katika Mahandaki ya Ufaransa

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Ujerumani ilikuwa na faida ambayo haikutokana na maarifa ya majenerali wake bali na kioo. Katika mji wa Jena, Otto Schott, Ernst Abbe na Carl Zeiss walikuwa wameanzisha mwaka 1884 kiwanda cha vioo vya lenzi, na juu ya msingi huo ilikua biashara kubwa ya darubini za wawindaji. Darubini hizo ziliporekebishwa na kufungwa juu ya bunduki za Mauser, wadunguzi, yaani askari wanaolenga mtu mmojammoja kutoka mafichoni, waliwaua Waingereza wengi waliothubutu kuinua vichwa juu ya handaki.

Waingereza walijibu kwa kuchelewa, tena kwa kasoro. Darubini zao nyingi zilifungwa ubavuni kushoto mwa bunduki aina ya Lee-Enfield, ili askari aendelee kushindilia risasi tano kwa mkupuo kupitia juu. Lakini mdunguzi hupiga risasi chache kwa utulivu, na aliyelenga kupitia tundu jembamba la ngao ya chuma aliona ukingo wa tundu badala ya adui. Hesketh-Prichard, mwindaji aliyeanzisha shule ya wadunguzi nchini Ufaransa mwaka 1916, aliulaumu mpangilio huo, na kwa haki, kwa kuwa gharama yake ililipwa kwa maisha ya vijana.