Ramani ya inchi isiyokuwako: namna inavyochorwa

Mwaka wa 1974, Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, muchezo ambamo watu wanaketi mezani na kusafiri kwa maneno tu katika inchi ya kuwaziwa. Ramani ya Greyhawk, ulimwengu wa Gygax, ilitoka mwaka wa 1980, ikachorwa na Darlene kwa vyumba vya pembe sita. Chumba kimoja ni maili 30, karibu kilometa 48. Hapo wachezaji wanahesabu siku za njia na chakula cha kubeba; wakikosea, njaa inawakuta porini.

Wengi wanaanza na milima, kisha mito yenye kushuka mpaka baharini, nyuma miji kandokando ya maji. Majina yanakuja mwisho. Fasi ingine inaachwa bila jina, ili wachezaji wenyewe waende kuitafuta.