Tuisheni: Deni la Dola Lililohamia kwa Mzazi

Katika mijadala yetu ya elimu, tuisheni huzungumzwa kama suala la maadili. Mwalimu anayefundisha jioni kwa malipo huitwa mroho, mzazi anayelipa huitwa mwenye tamaa ya alama, na mwanafunzi anayehudhuria huambiwa kwamba mchana alikuwa amelala darasani. Historia hainiruhusu kuishia hapo. Hoja yangu ni kwamba tuisheni ya hisabati na fizikia nchini Tanzania ni zao la maamuzi ya kisera yenye tarehe zinazojulikana, na kwamba kila uamuzi uliacha deni ambalo dola haikulilipa, likahamia katika mfuko wa mzazi.

Deni la kwanza ni la mshahara. Novemba 1974, Azimio la Musoma liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, lengo likiwa kuifikia ifikapo 1977. Madarasa yalijaa, na walimu wakaandaliwa kwa haraka ili wayakabili. Lilikuwa lengo la heshima, lakini halikupewa muda wa kukomaa. Bei ya mafuta ilipanda, vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 vikala hazina, na mfumuko wa bei ukafuata. Mshahara wa mwalimu ulibaki na tarakimu zake huku thamani yake ikiyeyuka. Kufikia 1986, serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, watumishi wengi wa umma walikuwa wakiishi kwa miradi. Huyu alifuga kuku, yule alikaanga maandazi, na mwalimu akauza bidhaa pekee aliyokuwa nayo, yaani somo. Azimio la Zanzibar la 1991 lilipolegeza miiko ya uongozi, liliwapa wakubwa ruhusa ya jambo ambalo wadogo walikwisha kulifanya ili wapate kula.

Kwa nini hasa hisabati na fizikia? Kwa sababu masomo haya hujengwa ngazi juu ya ngazi. Aliyekosa mwalimu wa historia kwa muhula mmoja anaweza kuazima kitabu na kujisomea. Aliyekosa milinganyo katika kidato cha kwanza atakwama katika kila mada inayoitegemea, na fizikia nayo itamfungia mlango. Sisi tuliokuwa sekondari katika miaka ya 1990 tuliliona jambo hili Dar es Salaam, ambako vyumba vya kukodi na vibanda vya bati vilijaa wanafunzi wa sayansi baada ya saa za shule. Waliokuja hawakuwa wavivu. Mvivu hakai juu ya benchi lisilo na egemeo saa mbili baada ya siku nzima ya masomo.

Deni la pili ni la walimu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza 2004, na kuanzia 2006 shule za kata zikaenea nchi nzima. Wananchi walichangia fedha, mchanga na nguvu zao, na majengo yakasimama. Lakini mwalimu wa fizikia hafyatuliwi kama tofali. Pengo likazibwa kwa wahitimu wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya muda mfupi, ambao mtaa uliwabatiza jina la „voda fasta”. Wakati huohuo mtaala uliziunganisha fizikia na kemia kuwa somo moja, kisha uamuzi huo ukatenguliwa. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mapema 2013, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume, na matokeo yakapangwa upya.

Mwaka 2014 serikali ilianzisha stashahada maalumu ya walimu wa sayansi na hisabati katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Mei 2016, zaidi ya wanafunzi 7,000 wa programu hiyo walirudishwa nyumbani, na baadaye baadhi yao wakapelekwa katika vyuo vya ualimu. Hivyo ndivyo tulivyolitendea jaribio la kulipa deni hili.

Deni la tatu ni la lugha. Tangu 1967 mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza hesabu kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza humpokea kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nayo ifundishe kwa Kiswahili, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwalimu wa tuisheni amelitekeleza kimyakimya. Huwauliza wanafunzi kwa nini abiria aliyesimama hutupwa mbele daladala inapofunga breki ghafla, wakajadiliana kwa Kiswahili mpaka wakaelewa, ndipo akawapa maneno ya Kiingereza ya kuandika katika mtihani. Mzazi anayelipia kipindi hicho analipia, pamoja na mambo mengine, tafsiri.

Madeni haya matatu yanakutana katika chumba cha mtihani. Mtihani ni wa taifa, lakini sehemu ya ufundishaji wake imekuwa ya binafsi. Kuanzia Januari 2016 ada ya sekondari kwa shule za umma iliondolewa hadi kidato cha nne, na ni hatua ninayoiheshimu. Hata hivyo, kati ya 2019 na 2022 waliofaulu hisabati katika kidato cha nne walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Katika mji, mtoto wa mwenye uwezo hununua njia ya kuingia katika kundi hilo. Katika kijiji kisicho na mwalimu wa fizikia mchana, hakuna wa kumfuata jioni hata kama fedha ipo.

Wapo wanaotaka tuisheni ipigwe marufuku. Kenya iliweka katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 katazo la masomo ya ziada wakati wa likizo, na bado mjadala huo haujafungwa. Katazo linaweza kumlinda mtoto anayelazimishwa, na linafaa dhidi ya mwalimu anayeficha mada mchana ili aiuze jioni. Haliwezi kumleta mwalimu ambaye hayupo.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaonisoma wafanye jambo dogo lenye uzito: kila halmashauri ibandike hadharani, shule kwa shule, idadi ya walimu wa hisabati na fizikia na idadi ya vipindi vilivyofundishwa kila muhula. Wanaharakati na wanafunzi waidai orodha hiyo kabla ya kudai jingine. Mzazi anayeilipa kodi hii isiyo na risiti ana haki ya kujua ni deni la nani.