Chumba cha Siti na Daftari Letu

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, na nyinyi vijana mlioko skuli hivi sasa,

Kamati ya jarida letu imenitaka niandike machache juu ya historia ya Ng'ambo. Ningeweza kuandika juu ya majumba ya Michenzani, au juu ya ile pwani iliyokuwa ikijaa na kutoka maji pale Darajani, ikitutenga na Mji Mkongwe kabla ya kufukiwa. Jina letu limetokana na pwani hiyo, kwani sisi ndio tuliokaa ng'ambo ya pili. Lakini nimeona bora niandike juu ya nyumba moja tu ya Ng'ambo, ambamo watu walikuwa wakikutana usiku kutunga.

Nyumba hiyo ni ya Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba mnamo mwaka 1880, wazee wake wakiwa katika utumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, yeye akiwa msichana. Alipokuwa shamba kazi yake ilikuwa kuuza vyungu, akivitembeza huku akinadi kwa sauti iliyojulikana kila alikopita. Mnamo mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akakutana na Ali Muhsin, mpiga udi, aliyemfundisha kuimba kwa kufuata ala.

Inafaa tukumbuke taarabu ilivyokuwa wakati huo. Ililetwa kutoka Misri zama za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha chama cha Ikhwani Safaa. Nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu, na waliozisikiliza katika majumba ya wakubwa si wote waliofahamu maana yake. Siti na wenzake ndio walioichukua taarabu wakaiimba kwa Kiswahili, lugha ya muuza samaki na mchukuzi.

Wenzake hao walikuwa Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mwalimu Shaaban na Mbaruk, ambaye alikuwa kipofu. Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji wazee wengi wa Ng'ambo, ameeleza namna walivyofanya kazi. Walikuwa wakikutana usiku nyumbani kwa Siti. Mmoja huja na habari aliyoisikia mtaani au mahakamani, mwengine akatoa mstari wa kwanza, wa tatu akauongeza wa pili, na jirani aliyepita kusikiliza naye akatia lake. Hata wimbo unapokwisha, ilikuwa shida kusema huu ni wa fulani, maana ulikuwa wa wote.

Katika chumba hicho yalisemwa mambo ambayo mtu peke yake asingethubutu kuyasema. Wimbo wa "Kijiti" ulihusu mwanamke mgeni aliyeuawa, na muuaji akakimbilia bara, ilhali walioadhibiwa walikuwa ni mashahidi. Katika zama hizohizo, mwaka 1928, watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Mwaka huohuo Siti na kundi lake walisafiri hadi Bombay kurikodi sahani za santuri za His Master's Voice, na sahani hizo zikasikilizwa pwani yote ya Afrika Mashariki.

Watu walimcheka. Walimsimanga kwa vyungu vyake na kwa asili yake ya Fumba. Naye aliwajibu kwa wimbo, na wenzake wakampigia ala.

Sasa naomba ruhusa niseme habari yangu mwenyewe.

Nilipokuwa kidato cha pili, miaka ya 1990, tulikuwa vijana sita tukikutana kila Alhamisi baada ya alasiri kwenye baraza ya nyumba moja karibu na Kisiwandui. Aliyetukusanya alikuwa mkubwa wetu, wa kidato cha nne. Masharti yake yalikuwa matatu: mtu aandike bila kuinua kalamu mpaka aambiwe basi, asisahihishwe tahajia, na asichekwe.

Alhamisi moja mwenzetu mmoja alisoma alichoandika juu ya beseni la samaki alilokuwa akimbebea mama yake hadi sokoni, na namna alivyokuwa akipita vichochoroni ili wanafunzi wenziwe wasimwone. Mimi nilicheka. Tena sikutosheka na hilo. Kesho yake niliisimulia habari ile darasani, na kwa muda wa wiki nzima akaitwa Beseni. Hakuja tena barazani, na baada ya mwezi mmoja hapakuwa na baraza.

Nilisahau, au nilijifanya nimesahau. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilisoma Wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert. Nilipofika mahali pa vyungu nilikifunga kitabu, kwani nilimwona yule kijana na beseni lake. Tofauti ya Siti na mwenzetu haikuwa kipaji. Siti alikuwa na watu wanne au watano ambao hawakumcheka. Mwenzetu alinipata mimi.

Mwaka jana mfanyakazi mwenzangu wa ofisini alinialika katika kikundi chao cha watu wanane, wanaokutana kila mwezi kuandika. Nilikwenda kwa kusitasita, kwani kwa miaka ishirini maandishi yangu yamekuwa barua za serikali tu, zenye "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Nilipoambiwa niandike bila kusimama, kalamu ilikwenda yenyewe kwenye beseni. Nikasoma kwa sauti, wala hakuna aliyenicheka wala aliyenisifu. Jirani yangu alinijazia kikombe cha kahawa, na zamu ikaendelea.

Kwa nyinyi mlioko skuli, nawausieni muanzishe baraza yenu. Hamhitaji fedha wala kibali kikubwa. Daftari na kalamu zitatosha, na saa moja kwa wiki. Lakini lile sharti la tatu lishikeni kuliko mengine yote, kwani lugha mbovu hurekebishika, ila mtu akishachekwa kwa alichokitoa moyoni huenda asirudi.

Ama wewe mwenzangu wa baraza ile, kama jarida hili limekufikia, mimi ndiye niliyecheka. Siku ya mkutano wetu nitakuja mapema, nami nitakuwa na daftari.