Michezo ya shule Gusii: Faida ipo, bei ya malazi isiipoteze

KILA mashindano makubwa ya shule yanapoletwa Kisii au Nyamira, wenye nyumba za kulala wageni huwa wa kwanza kutarajia mavuno. Hata hivyo, faida ya michezo haikai hotelini peke yake, na bei ikipanda kupita kiasi, mgeni huondoka na fedha zake.

Michezo ya Chama cha Michezo ya Shule za Sekondari Kenya (KSSSA) huanzia kaunti ndogo hadi kaunti, eneo na taifa. Katika eneo la Nyanza, Kisii na Nyamira hukutana na Migori, Homa Bay, Kisumu na Siaya. Wanaofuzu huenda michezo ya Afrika Mashariki (FEASSSA), ambayo Agosti 2025 iliandaliwa Kakamega.

Mjini Kisii kuna Uwanja wa Gusii, nyumbani kwa Shabana FC, uliokarabatiwa kwa sherehe za Mashujaa za Oktoba 20, 2020.

Kwa kawaida wanafunzi hulala katika mabweni na madarasa ya shule wenyeji na kupikiwa huko. Hivyo unga, maharagwe, maziwa, ndizi na mboga huhitajika kwa wingi, na mkulima hupata soko. Wanaotafuta vyumba ni maafisa, wazazi, mashabiki na wanahabari. Hao pia hupanda bodaboda, hula vibandani na hununua vinyago vya mawe ya Tabaka.

Vyumba haviongezeki kwa wiki moja, ndiposa bei hupanda. Lakini anayeona Kisii ni ghali aweza kulala Nyamira au Keroka, au kurejea Kisumu jioni. Akifika Kisumu, hata chakula chake hununuliwa huko.

Kaunti nazo hutegemea ada za leseni, masoko na maegesho. Ushuru wa VAT wa asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 hukusanywa na asasi za kitaifa. Keroka, mji wa mpakani, umezua mvutano wa ada baina ya kaunti hizo mbili, zilizoanza kazi 2013.

Kwa sababu hiyo, waandaaji hufaa kuafikiana mapema na wenye gesti kuhusu bei na idadi ya vyumba, na kugawa mechi kati ya Kisii na Nyamira. Chumba cha bei nafuu kinachojaa siku zote za mashindano humfaa mwenyewe kuliko cha bei ghali kinachokaa kitupu. Haba na haba hujaza kibaba.