Msimu wa Kandanda na Jasho la Bandari

Watu husema kwamba kandanda ni mchezo wa dakika tisini. Neno hilo ni kweli kwa mtazamaji aliyekaa ukingoni mwa kiwanja, lakini halimtoshi mtu anayetafuta historia. Nyuma ya dakika tisini mna msimu mzima, na nyuma ya msimu mna kazi, mshahara na jasho la watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Msomaji kijana, nakuomba tufuatane mpaka Mombasa tukalitazame jambo hili kwa makini.

Ukivuka kutoka kisiwani kwenda upande wa Changamwe, utafika Kipevu, mahali ambapo bandari ya Kilindini imeegemea bara. Gati mbili za kwanza za maji makuu zilimalizika upande wa kisiwani mwaka 1926. Baadaye shughuli zilikua, kisiwa kikawa chembamba, nayo bandari ikavuka maji ikajenga Kipevu. Mwaka 2016 gati mpya za makontena zilifunguliwa huko. Leo kreni huinua kwa dakika chache mzigo ambao zamani ungaliwachosha watu wengi kutwa nzima. Watu hao wa zamani ndio mwanzo wa habari yetu.

Katika siku za ukoloni, wengi wa wachukuzi wa bandarini walikuwa vibarua. Kibarua hakuwa na mwezi. Alikuwa na siku tu. Meli ikija alipata kazi, isipokuja alirudi nyumbani mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo aliweza kucheza mpira jioni na wenzake, lakini hakuweza kuahidi kwamba Jumamosi ya mwezi ujao atakuwapo kiwanjani, kwa sababu hakujua hata kesho atakula nini.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja na wengine wengi, waliacha kazi. Mgomo ulidumu siku kumi na mbili. Je, wajua walikutania wapi kushauriana? Walikutana katika kiwanja cha mpira cha Majengo, nao wakakiita Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo Chege Kibachia alipojulikana kuwa kiongozi wao, na hapo ndipo Eliud Mathu, mjumbe Mwafrika wa Baraza la Kutunga Sheria, alipokuja kuwasihi warudi kazini kwa ahadi kwamba madai yao yatasikilizwa. Baraza la kuamua liliwekwa na nyongeza ya mshahara ikatolewa. Lakini Kibachia alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, akapelekwa kuzuiliwa mbali huko Kabarnet.

Tafakari jambo hilo. Kiwanja kile kile ambacho watu walizoea kukimbilia mpira ndicho kilichowapa nafasi ya kusimama pamoja na kusema neno moja. Hawakuwa na jumba la mikutano; walikuwa na uwanja wa mchezo, na uwanja ukatosha.

Miaka ya 1950 ilileta mabadiliko. Chama cha wafanyakazi wa bandari kiliundwa mwaka 1954. Mwezi wa Machi 1955 wachukuzi waligoma tena, na Tom Mboya akaingia kati kutafuta mapatano. Nyongeza ilipatikana. Kidogo kidogo desturi ya kuajiri watu kwa siku ilianza kupungua, na wachukuzi wakaanza kuandikishwa kuwa watu wa kazi ya kudumu. Kibarua akapata mwezi wake.

Huenda ukauliza: haya yote yana uhusiano gani na kandanda? Yana uhusiano mkubwa. Mashindano ya kombe ni jambo la siku chache. Ukishindwa mara moja umekwisha. Kombe la Gossage, kwa mfano, lililoanza mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda, liliweza kuchezwa na watu waliokusanywa kwa muda mfupi. Lakini ligi haiko hivyo. Katika ligi kila timu hukutana na kila timu, nyumbani na ugenini. Timu zikiwa kumi na nane, kila moja ina michezo thelathini na minne: kumi na saba kwake, na kumi na saba kwa wenzake. Aliyeshinda leo hupewa pointi, aliyeshindwa hupewa nafasi ya kujitengeneza wiki ijayo. Hesabu yake ni ya haba na haba, na kibaba hakijai mpaka mwisho wa msimu. Mchezo wa namna hii hauwezi kusimama juu ya watu wasio na hakika ya kesho. Unataka mshahara, nauli, kiwanja na subira.

Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Nakuru All-Stars ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza, na mwaka 1964 wakafuata Luo Union. Mwaka 1965 zamu ikawa ya pwani: Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa. Feisal haikuwa timu ya kampuni ya bandari. Ilikuwa timu ya mji. Lakini mji wenyewe uliishi kwa bandari, na furaha ya mji ilikuwa furaha ya gati pia.

Tangu siku ile ubingwa wa ligi haujarudi Mombasa. Umekwenda kwa Gor Mahia na kwa Abaluhya, ambao baadaye waliitwa AFC Leopards. Umekwenda kwa timu za viwanda vya bia na sukari, na kwa timu ya jeshi. Pwani imebaki kutazama.

Haikutazama kwa uvivu. Bandari, timu inayolelewa na Halmashauri ya Bandari za Kenya na kuchezea kiwanja cha Mbaraki kisiwani, ilimaliza ya pili mwaka 2018, nyuma ya Gor Mahia. Msimu wa 2018/19 ikamaliza ya pili tena, nyuma ya timu ile ile. Mwezi wa Januari 2019 ilikwenda Dar es Salaam ikawafunga Simba mabao 2 kwa 1 katika nusu fainali ya kombe la SportPesa, kisha ikafungwa bao moja na Kariobangi Sharks katika fainali. Miezi michache baadaye ilikutana na Sharks hao hao katika fainali ya Ngao ya taifa, nayo ikalipa deni kwa mabao 3 kwa 1. Ngao hiyo iliipa nafasi ya kuiwakilisha Kenya katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Basi ikawa ajabu nyingine: timu ya Mombasa ilikwenda kuwapokea wageni wake Kasarani, Nairobi, mbali na watu wake wa Mbaraki.

Wako watakaosema kwamba kuwa wa pili mara mbili ni bahati mbaya. Mimi sisemi hivyo. Kombe laweza kuchukuliwa kwa bahati ya siku moja, lakini kumaliza wa pili katika michezo thelathini na minne, na kurudia tena, si kazi ya bahati. Ni kazi ya watu wanaoamka mapema wiki baada ya wiki. Kilichobaki baina ya wa pili na wa kwanza ni kidogo kwa hesabu na kikubwa kwa kazi, na pwani inakidai kwake yenyewe kabla ya kukidai kwa mwingine.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapoona wachezaji wakiingia kiwanjani Mbaraki, usihesabu mabao peke yake. Kumbuka kwamba kijana anayelipwa leo kwa kucheza mpira alitanguliwa na kibarua asiyejua mlo wa kesho, na kwamba mwezi wa mshahara haukuletwa na meli. Ulidaiwa na watu waliosimama siku kumi na mbili katika Kiwanja cha Maskini. Wao walikuwa na msimu wao, mrefu na mgumu, na hawakupewa kombe. Lakini wale waliowafuata walipata mahali pa kuanzia.