Mkufu Uliokuwa Bima

Mkufu wa fedha wa Kiomani ulikuwa bima wenyewe kabla haujawa kitu cha kukatiwa bima. Utazame kwa karibu: katikati kikasha cha hirizi, pembeni reale za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria, zote zina mwaka 1780 ingawa nyingi zilipigwa chapa baadaye sana. Kila reale ina uzito wa gramu 28 hivi, na sehemu 833 katika 1000 ni fedha tupu. Mwanamke aliyefikwa na shida aliupeleka mkufu wake kwa sonara wa Matrah, mji jirani na Maskati, ukapimwa, akapata cha kumvusha.

Yuko atakayesema kwamba akiba ya namna hiyo mwizi huibeba usiku mmoja. Ni kweli, na kinga yake ilikuwa ya mji mzima: hadi 1970 malango ya Maskati yalifungwa usiku, na mpita njia sharti abebe taa. Lakini mizani nayo ilipunja, maana ililipa uzito, haikulipa mkono wa fundi. Kwa hiyo anayeukatia bima leo mkufu wa bibi yake, iwe ya kawaida au takafuli, yaani bima ya Kiislamu, asikubali bei ya fedha ghafi. Adai tathmini ya kazi yenyewe, nukshi kwa nukshi, pamoja na picha.